Chaki Chini ya Boneti

Jumatatu, 7 Juni
Jumamosi ni maonyesho ya magari, uwanja wa kaunti. Lorna amekata shauri: nisipopata cheti cha gari asilia, yaani lisilobadilishwa chochote tangu kiwandani, Jumapili gari la marehemu baba yangu linakwenda kwa Delbert, na gereji inakuwa chumba cha mama mkwe wangu. Mke wangu akisema, amesema. Delbert, jirani wa ng'ambo ya barabara, ameshaandika hundi. Ana magari matatu yanayong'aa kuliko yalivyotoka kiwandani, na bado analitaka langu! Langu ni la 1969. Injini ya kuzaliwa nayo, rangi ileile, imebabuka vizuri. Nitamtimulia vumbi.

Jumanne, 8 Juni
Nimeipata siri. Majaji hutafuta alama za chaki walizoandika mafundi wa kiwandani. Nimefungua boneti. Hakuna! Grisi tu, ya miaka hamsini. Hata pai ya rubabu, ile mboga chachu, aliyooka Lorna imenishinda kula. Kisha wazo likanijia: kama hazipo, zitawekwa.

Jumatano, 9 Juni
Mzee Orville alikuwa kiwandani miaka thelathini, kazi yake kuandika alama hizohizo. Nimempelekea pai ile. Akasema huo ni ulaghai. Nikamwambia si ulaghai mzee wangu, ni kukumbuka. Alipomaliza kipande cha pili akauliza chaki iko wapi.

Alhamisi, 10 Juni
Nimesugua saa tano. Sabuni, brashi, mafuta ya taa. Chuma kimetakata! Grisi ilitoka na uchafu fulani wa manjano, sijui wa nini. Orville akaandika alama zake. Delbert akapita na mbwa wake, akauliza mbona nafua gari. Nikamwambia ashughulike na mbwa wake.

Jumamosi, 12 Juni
Aibu gani hii! Jaji, Bi Marjean, aliinama chini ya boneti robo saa nzima. Akanionyesha kidole chake: cheupe kwa chaki. Akauliza grisi iko wapi. Kumbe grisi ndiyo huzitunza alama. Wajuzi huifuta kwa kitambaa, taratibu, na kuzikuta chini yake.

"Bwana Stuckey," akasema, "alama zako zilikuwepo. Umezifua."

Manjano yale! Nilitamani ardhi inimeze. Delbert alikuwa nyuma yangu na hundi yake. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Lakini Mungu si Athumani. Bi Marjean akapapasa springi za kiti cha nyuma, mahali ambapo sijawahi kusafisha maishani, akavuta ncha ya karatasi iliyogugunwa na panya. Karatasi ya kiwandani, yenye namba zote za gari hili! Akairudisha palepale kama anamlaza mtoto. Akasema kamati nzima itaikagua Jumamosi ijayo, na karatasi hiyo peke yake yaweza kuniletea cheti, mradi nisiiguse. Nililia, sioni haya kusema. Lorna aliniona. Akamwambia Delbert arudishe hundi mfukoni, kwa wiki moja.

Jumapili, 13 Juni
Gari bado letu! Cheti ni kama nimeshakishika. Nimeichungulia karatasi mara moja tu. Maskini, imefifia, na wanakamati ni wazee, macho yao hafifu. Nimenunua kalamu nyeusi, ya wino usiofutika. Nimeshakoleza mistari mitatu ya kwanza. Inapendeza mno!