Mwimbaji wa Siagi

Jumatatu, 4 Agosti

Nchi imekwisha. Habari nimezipata kwenye duka la mbegu, nikatoka mbio na kuacha gunia langu kaunta. Kamati ya maonyesho ya kaunti imeamua kwamba mwaka huu, kando ya yule ng'ombe tunayemchonga kwa siagi kila mwaka, atasimama mwimbaji wa siagi. Ratili mia nne za siagi safi ya Iowa! Kwa ajili ya nani? Delaney Quill! Yule mwenye nywele za zambarau na nyimbo thelathini kuhusu wanaume waliomkimbia. Mimi ningekimbia kabla ya wimbo wa pili.

Kamati inasema eti ni mtoto wa nyumbani. Alizaliwa hapa Orrin Falls, akahamia California akiwa na miezi minane. Kwa mtindo huo hata mafua yangu ni mwenyeji wa hapa.

Uchaguzi uliopita aliwaelekeza mashabiki wake wampigie nani kura. Akaongeza kwamba watu kama sisi tunaiogopa kesho. Mimi siiogopi kesho. Kesho ni Jumanne, siku ya kutoa taka.

Nilimweleza Ardith yote haya wakati wa chakula. Nilianza na huyo mwimbaji, nikapitia Hollywood, magari ya umeme, watangazaji wa televisheni wanaocheka kabla utani wao haujaisha, na wachezaji wa mpira wanaoijua siasa kuliko mpira. Dakika arobaini. Ardith naye alikuwa na jambo la kuniambia, alisema hivyo mara mbili, lakini nilipomaliza akasema basi, si kitu. Mke mwema sana. Miaka arobaini na moja ya ndoa na bado ananisikiliza.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeandika safu yangu ya gazeti. Mhariri hunipa nafasi kati ya matangazo ya misiba na matrekta ya kuuza. Ya wiki hii ni kali kuliko zote!

Kamati imeficha jina la mchongaji hadi siku ya ufunguzi. Kwa nini? Nimeandika kwamba namjua hata bila kumwona. Kijana wa mjini. Hereni puani. Shahada ya kitu kisichopandwa wala kukamuliwa. Mikono isiyojua tofauti ya siagi na gundi. Kisha nikaweka ahadi, kwa herufi kubwa: sanamu hiyo ikioneshwa Jumamosi, mimi Verlyn Tjaden SITAKANYAGA uwanja wa maonyesho, kwa mara ya kwanza tangu nikiwa na miaka minne. Neno langu ni neno.

Nilimsomea Ardith kwa sauti. Nilipofika kwenye mikono akaweka kijiko chini. Akauliza kama ni lazima nimtukane mtu nisiyemfahamu. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi ya uandishi.

Baadaye akaaga anakwenda kushona na wenzake wa kanisani. Alibeba sweta zito la sufu na glavu. Nje joto nyuzi tisini na tano za Farenhaiti! Sikuuliza. Mambo ya kushona ukiyauliza unajibiwa.

Jirani yangu Lowell Pruitt aliegemea uzio kunichokoza. Mwalimu mstaafu wa muziki. Mdemokrati. Gari lake la umeme hulala limechomekwa waya kama mgonjwa wa dripu. Kwenye nyasi zake kuna bango linalosema wote mnakaribishwa, na sijawahi kuona mtu akienda.

"Tjaden bwana," akaniambia, "hiyo siagi inakukosesha raha kwani itapiga kura?"

Nikamjibu kwamba kwenye chama chake ingepiga mara mbili. Akacheka. Hawa watu wakiishiwa hoja hucheka.

Jumatano, 6 Agosti

Gazeti limetoka. Nimepigiwa simu mbili. Ya kwanza ni dada yangu, kasema nimesahau mkato kwenye mstari wa tatu. Ya pili ni mtu aliyetaka kujua kama ile trekta iliyo chini ya safu yangu bado ipo.

Nikahamia kwenye mpango wa kukusanya saini za kumpinga mwimbaji. Asubuhi nilipeleka karatasi kwenye kahawa ya wazee pale ushirika wa wakulima. Tuko Merle, Gaylen, Dwight na mimi. Wote walikubali upesi kwamba mwimbaji aondoke. Swali likawa, awekwe nani? Merle akataka rais wa siagi. Gaylen akauliza rais yupi. Nikaona mishipa ya shingo inaanza kuwatoka, nikasema haraka, trekta! Wote wakapiga meza kwa furaha. Kwa dakika moja hivi nilikuwa kiongozi wa watu.

Kisha Merle akasema ya kijani, bila shaka. Dwight akasimama. Kwao wamelima na trekta nyekundu, ya kampuni hasimu, tangu babu yake.

"Ya kijani? Basi na mimi mnichonge nimelala chini yake naitengeneza!"

Merle akamjibu kwamba ya kijani iliyokufa inalima kuliko nyekundu iliyo hai. Gaylen akasema siagi yenyewe ni ya njano, hivyo wote wawili ni wajinga. Kahawa ikamwagika juu ya karatasi yangu. Saini zilizosomeka ni mbili. Moja ni yangu.

Nyumbani hakuna kilichopikwa. Nimekula mkate na nyama baridi, peke yangu. Ardith hasemi nami. Gazeti nimelikuta limefungia maganda ya viazi, na safu yangu ndiyo imegusana na maganda. Halafu, akipita koridoni, nikamsikia anaimba kwa pua. Wimbo wa Delaney Quill!

Nimekaa barazani nikaunganisha mambo. Sweta wakati wa joto. Ukimya. Wimbo ule. Kutoka kila siku bila maelezo. Jibu ni moja tu. Ardith amekuwa Mdemokrati. Huwa wanakutana ndani ya vyumba vya baridi, maana wanapenda hewa ya bure inayolipiwa na wengine. Nimeogopa, na ninaandika hivyo bila aibu. Nyumba hii bila yule mama ni mbao tupu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemfuata. Gari langu nililiacha nyuma ya banda la nguruwe, nikachungulia. Ardith aliegesha nyuma ya jengo la maziwa, uwanjani kwenyewe, akavaa sweta, akaingia kwa mlango wa nyuma. Dakika tano baadaye likaja gari la Lowell, kimya kimya, ndivyo wanavyokuja. Akateremsha bunda la waya na vikombe viwili vya kahawa. Ardith akamfungulia. Akacheka! Sijamsikia akicheka vile kwa muda mrefu.

Sina wivu. Lowell ana miaka sabini na minne na magoti yake yanasikika kabla hajafika. Tatizo langu ni chama. Mkutano wa tawi ndani ya jengo la maziwa! Waya ni wa kusimamishia mabango ya kampeni, hata mtoto anaelewa.

Nyuma ya jengo kuna sanduku la swichi. Kesho nitazima chumba cha baridi kinachotunza ile siagi, kwa dakika kumi. Mdemokrati hawezi kuvumilia joto bila msaada wa serikali, watatawanyika wenyewe. Ardith atarudi nyumbani mapema, nitamsamehe. Na kama huyo mwimbaji naye atalainika kidogo, basi tena. Nimejipa hongera.

Ijumaa, 8 Agosti

Saa nane mchana. Nikavaa miwani ya kusomea, nikatafuta swichi yenyewe, nikaizima. Nikaenda kukaa kivulini karibu na nguruwe kusubiri dakika zangu kumi.

Nikapitiwa na usingizi. Dakika hamsini!

Nilichoamkia ni kilio. Cha mwanamke. Cha Ardith! Nikakimbia, nikaiwasha swichi kwanza, mimi si mnyama, kisha nikaingia.

Ardith alikuwa ameketi sakafuni na sweta lake, siagi hadi viwikoni, kisu kidogo cha kuchongea mkononi. Lowell amemkumbatia mwimbaji kiunoni asianguke. Kichwa cha Delaney Quill kimeinama kando, kidevu kinateleza, pua imedondokea kwenye gitaa. Ng'ombe amebonyea mgongo.

Ndipo nikaelewa. Yule kijana wa mjini mwenye hereni puani ni mke wangu.

"Miaka thelathini naiomba kazi hii, Verlyn," akasema. "Thelathini! Jumatatu nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua. Ukaniletea magari ya umeme."

Lowell akauliza, mbona umeme ulikatika? Wote wawili wakanitazama. Nikasema ni mitambo ya upepo. Serikali imetufanya tutegemee upepo, upepo ukipumzika siagi inakufa! Lowell akasema bendera hapo nje inapepea. Nikamwambia huo ni upepo mwingine.

Ardith akafuta macho kwa bega. "Nyamaza," akasema. "Njoo ushike kidevu."

Nimeshika kidevu cha Delaney Quill kwa muda wa saa mbili na nusu, kwa mikono yangu miwili, hadi kikaganda. Baridi ya Desemba. Ardith akachonga upya shavu, jicho, kisha pua. Alikuwa akitazama juu, anakata kidogo, anatazama tena juu. Mikono ile naijua kwa kukamua, kufungia matango ya siki kwenye mitungi na kunifunga tai. Sikujua kwamba inaweza hivi. Niliona fahari na nikaona haya, vyote kwa pamoja, nikataka kumwambia kwamba ni mimi niliyezima. Mdomo niliufungua kabisa. Meno yakagongana, maneno hayakutoka.

Jumamosi, 9 Agosti

Neno langu ni neno. Sikukanyaga! Lowell alinizungusha kwa kile kigari cha kubebea wasiojiweza, na miguu yangu haikugusa ardhi kuanzia langoni hadi jioni. Kigari ni cha umeme. Sikulizungumzia hilo. Nilikula nyama ya nguruwe ya kijiti mara tatu nikiwa nimekaa.

Foleni ya jengo la maziwa ilifika hadi kwenye mabanda ya kondoo. Watu wanafika kwenye kioo cha chumba cha baridi, wanamtazama mwimbaji, wanageuka wananitazama mimi, wanacheka. Sikuelewa mpaka Merle alipopaza sauti mbele ya kaunti nzima.

"Jamani! Delaney kavaa pua ya Tjaden!"

Kweli. Ni yangu. Pua ya ukoo wetu, pamoja na ule mpindo nilioupata mwaka 1979 nilipogongwa na lango la ndama. Ipo juu ya uso wa mwanamke mwenye nywele za zambarau. Ardith alichonga kilichokuwa mbele yake.

Wakamvisha Ardith utepe wa bluu wa ushindi. Akaombwa aseme. Akaishukuru kamati, akamshukuru Lowell kwa kiunzi cha waya, kisha akasema anamshukuru mume wake kwa kumshikia kidevu. Watu wakapiga makofi kwelikweli. Macho yangu yalilowa. Vumbi la mahindi lilikuwa jingi.

Jumapili, 10 Agosti

Tumetoka kanisani. Kando ya sahani yangu nimekuta miwani yangu ya kusomea, imefutwa vizuri. Naitafuta tangu juzi.

"Ilikuwa juu ya sanduku la swichi," akasema Ardith. Akanipakulia viazi vya kuoka na jibini, kijiko cha tatu pia, ambacho hunipa siku ya kuzaliwa tu. Akakaa, akaningojea.

Nikamwambia lazima ilipeperushwa na upepo. Ulivuma sana siku ile.

Akashusha pumzi, akasema kuna barua imekuja, na safari hii pia angependa niwe wa kwanza kusikia. Akaweka bahasha mezani. Nikamwambia sawa mpenzi, dakika moja tu, nimalizie kwanza suala la pua. Maana hebu fikiri! Hawa watu wa burudani wametuchukulia mabinti wetu, mpira wetu, sinema zetu, na sasa pua! Pua ya mkulima mwaminifu, bila hata kuomba! Kutoka hapo ikabidi niguse tuzo za filamu, na huwezi kuzigusa tuzo za filamu bila kugusa vyuo vikuu.

Nilipoinua macho kiti cha mbele yangu kilikuwa kitupu. Sahani yake imeoshwa. Sweta halipo kwenye ndoana.

Nje, Lowell alikuwa anamfungulia Ardith mlango wa gari lake. Akanipungia mkono juu ya uzio.

"Hongera jirani! Jimbo zima!"

Nikamshukuru. Sikujua kwamba safu yangu inasomwa mbali kiasi hicho.

Bahasha bado ipo mezani. Ina muhuri wa kamati ya maonyesho ya jimbo na jina la Ardith, bila shaka wamekosea, maana mwandishi nyumba hii ni mmoja. Nimeweka kikombe changu cha kahawa juu yake isipeperuke. Nitaisoma nikimaliza safu ya wiki hii. Ahadi nimeshaiandika, kwa herufi kubwa kuliko za mwanzo: mwaka ujao, wakichonga tena kitu chochote cha kijinga, SITAKANYAGA. Nataka kumsomea Ardith akirudi.