Kihindi cha Bi Masouda

Jumamosi, 4 Februari 2006
Kosa la watu wengi ni kudhani lugha inataka mwalimu. Mimi nimesomesha jiografia Unguja na hapa Sib, Oman, na nnasema: lugha inataka masikio tu. Kihindi changu nimekipata sinema, Unguja, maonyesho ya wanawake. Ndiyo maana kila laasiri majirani hujaa sebuleni kwangu kutazama ile chaneli ya Kihindi ya wanawake, nami nawafasiria. Leo balaa. Jana niliwaambia bi harusi wa mchezo amekufa. Leo kaingia mzima, anakaanga vitunguu. Nikasema ni pacha wake. Kheiria, jirani wa mlango wa pili, kacheka ndani ya ushungi. Nimemwona.

Jumapili, 5 Februari
Kheiria kanitega. Kipindi cha mapishi cha chaneli ile hupokea simu za watazamaji wa Ghuba. Kaniambia mbele ya wote: "Bi Masouda, Kihindi unacho. Wapigie basi, uwafunze katlesi, na sisi tusikie." Nikishindwa, majirani wahamie kwake, mke wa mwanawe kakulia Bombay, atafasiri yeye. Nimekubali. Ningefanyaje? Nimepitia Kihindi changu chote. Nna maneno ya wapenzi, ya mahakamani, na ya mama anayelia. Ya jikoni hamna! Sinema zile hawapiki.

Jumatatu, 6 Februari
Simu imepokelewa! Mtangazaji kauliza jambo refu, kwa adabu. Sikufahamu hata chembe. Lakini mwalimu hanyamazi. Nikatoa la mama anayelia: mwanangu, mama yako bado kasimama mlangoni. Na kwikwi juu. Kauliza jina la mwanangu. Hilo nimelifahamu! Nikajibu kwa fakhari: Badr, anasomesha chuo kikuu, Al Khoudh. Mtangazaji akalia. Sufuria nyuma yake ikaungua. Majirani wananitazama kama balozi. Kheiria kauliza tulizungumza nini. Nikamwambia: viungo.

Jumatano, 8 Februari
Badr kaja adhuhuri, kanuna. Wahindi wote wa idarani wanamuuliza kwa nini kamtupa mama yake. Mkuu wake kampa ruhusa mpaka Jumamosi aje kunitunza. Nikamweleza kwa subira kuwa yale yalikuwa mazoezi ya lugha.
"Mama, Ijumaa nilikuletea jodari mzima!"
Kweli, aliniletea. Mara Kheiria huyo, kasimama mlangoni, kasikia yote. Nikajua nimekwisha. Akakaa chini, akacheka mpaka ushungi ukamvuka. Alipopata pumzi akasema mkwewe Kihindi anakijua, lakini hajapata kumliza mtangazaji. Majirani watabaki hapa hapa. Badr naye akacheka, mwisho. Kakaanga katlesi yeye. Mbichi ndani. Tumekula.

Alhamisi, 9 Februari
Nimepima mambo kwa utulivu. Mwanafunzi aliyemliza mtangazaji kwa sentensi moja huyo amehitimu. Haifai elimu hii nife nayo. Nafungua darasa la Kihindi. Kheiria kaandikishwa wa kwanza, hajaambiwa bado. Nimebandika tangazo mlangoni: Njooni leo baada ya laasiri, kila mmoja na leso yake ya machozi.