Wastani wa Nyuzi Ishirini na Tano

Kwa fahari isiyo na kifani, Kituo cha Mwani wa Kijani, nje kidogo ya Matmata, kilitangaza mwezi Machi kwamba kimelishinda joto la jangwa. Tangazo nililiandika mimi mwenyewe, Lamjed Zouari, Mkurugenzi, nikiwa ofisini, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinanguruma.

Ushindi wenyewe haukuwa mgumu. Waraka wa wizara ulitaka maji ya kwenye mirija ya kioo, mnamooteshwa mwani ndani ya banda letu la kioo, yawe na nyuzi ishirini na tano. Saa nane mchana yalikuwa arobaini na tatu. Alfajiri yalikuwa saba. Nikajumlisha, nikagawa kwa mbili. Ishirini na tano kamili, hata nukta haikubaki!

Aliyekosa furaha ni mmoja tu, Mbarka, fundi wetu wa maabara. Mwani ule aliuchota kwa mikono yake kwenye bwawa la chumvi, akaulea miaka minne.

"Si Lamjed, mwani unakufa," aliniambia, kwa "Si" yetu ya heshima, yaani Bwana. "Mchana unachemka, usiku unadumaa. Nipe mikeka niifunike mirija jua likiwa kali, na maji ya kuinyunyizia."

"Dada, sera yetu ni uwazi. Ukifunika mirija, uwazi utaonekana wapi?"

"Basi njoo uone rangi. Ulikuwa kijani, sasa kama mkojo wa ngamia."

"Wastani ni ishirini na tano. Mwani unaokufa kwenye ishirini na tano unakufa kwa makusudi."

"Mwani haujui kugawa kwa mbili, Si Lamjed."

Hiyo sasa ilikuwa dharau kwa hesabu za serikali. Nikaunda kamati ya watu watatu: mimi, naibu wangu, na nafasi moja iliyo wazi. Ikamsimamisha kazi kwa kauli moja. Aliondoka na chupa moja ya mwani chini ya shali. Mlinzi akataka kumzuia. Nikasema mwache, ni uchafu tu.

Waziri alipotutembelea, mirija ilikuwa imepauka kama maji ya kuoshea mchele. Nikamweleza kwamba mwani umefikia hatua ya utulivu. Hakuitazama mirija, aliutazama mchoro wangu ukutani, mstari ulionyooka tuli kwenye ishirini na tano, akanikumbatia.

"Hali ya hewa ya peponi! Sasa Lamjed, kwa nini unajificha kule ofisini?"

"Mheshimiwa, mimi sistahili..."

"Acha unyenyekevu! Leteni meza yake humu humu kwenye banda la kioo. Na kile kiyoyozi, maadamu hakihitajiki, kipakieni garini kwangu."

Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Asubuhi, kwenye meza yangu ya bandani, meno yaligongana hadi nikashindwa kusoma barua kwa sauti. Adhuhuri jasho lilifuta saini kabla haijakauka. Kulalamika nisingeweza; ningemwandikia nani kwamba ishirini na tano yangu inaua? Siku ya sita damu ya pua ilidondokea waraka. Nikainuka, nikaenda kwa miguu hadi kwa mama yake Mbarka, Bi Hadda, kwenye nyumba yao iliyochimbwa ardhini.

Ndani mlikuwa na ubaridi wa kumfanya mtu alie. Uani, kivulini, kulikuwa na mitungi ya kioo kumi na mmoja, mwani wa ile chupa umejaa ndani, kijani kibichi mpaka nikainamisha macho.

"Hapa ni nyuzi ngapi?" nikauliza.

"Ishirini na mbili," Mbarka alisema. "Mchana na usiku, haipishani sana."

"Rudi kazini, dada. Kamati imebatilisha uamuzi wake."

"Kamati ipi?"

"Mimi."

Mbarka akarudi kwenye mitungi yake. Bi Hadda ndiye aliyenipangusa damu kwa ncha ya mtandio wake, kisha akanishikisha upawa.

"Mwani ukituama unazama. Koroga, mwanangu. Na usitoe tangazo."

Leo ni siku ya tatu nakoroga. Wizarani wanadhani niko kwenye banda la kioo, nafurahia hewa. Bi Hadda anasema mkono wangu si mbaya, ila nahitaji kusimamiwa.