Limiamu

Jumatatu, 6 Machi 1978
Nimepata! Nikifagia baraza la shule nilimsikia Mwalimu Generoza akifundisha jedwali la elementi. Kila moja ina namba na chumba chake. Zilizo safu moja ya wima ni ukoo mmoja, tabia zinafanana. Mrusi mmoja wa zamani aliacha vyumba vitupu kwa zisizojulikana, akabashiri tabia zake. Zikapatikana kweli! Na mgunduzi anaruhusiwa kutoa jina! Nikachungulia ukutani. Kati ya manganizi na kobalti, cheupe kabisa! Ya kwangu hiyo, na itaitwa Limiamu. Limi atanikataaje? Eustace anayemposa ana baiskeli tu.

Jumanne, 7
Shikamoo nyingi kwa Mzee Maduhu, mhunzi, baba yake Limi. Nimemwomba asijibu posa ya Eustace hadi Jumamosi, namletea kitu ambacho dunia haijakiona. Akaguna, akakubali. Limi amecheka. Amecheka!

Alhamisi, 9. Geita
Nimebashiri kama Mrusi: majirani zake ni metali nzito, ngumu, basi nayo vilevile. Binamu yangu Damian, mchimbaji, kanionyesha kifusi cha shimo la zamani. Nimefukua mpaka mgongo unalia. Bonge! Zito, gumu, limejaa kutu. Ndilo! Damian anasema si dhahabu, nilitupe. Mshamba huyu.

Jumamosi, 11
Aibu! Mzee Maduhu kaligonga mara moja tu, akasema, baba, hiki ni kichwa cha sururu kuukuu, chuma. Nikakimbilia kwa Mwalimu Generoza. Kacheka hadi machozi. Chumba kile ni cha chuma, mchwa wamekula karatasi pale! Ubashiri wangu hauna kosa, akasema, ila nimechelewa tangu enzi za mababu. Niliporudi, bonge langu lilishafuliwa jembe. Limi ataenda nalo kwa Eustace akiolewa. Nimelia njia nzima hadi nyumbani Ngokolo.

Jumatatu, 13
Nimetumwa kutundika jedwali jipya. Nimelikagua kwa vidole, mimi si mjinga tena. Mstari wa mwisho una vyumba vitupu, na mchwa hawajapita! Mwalimu akakiri hazijagunduliwa. Akaanza kueleza kwamba hizo hazichimbwi ardhini, wataalamu huzitengeneza kwa mitambo. Sikumngoja amalize. Limi ana mdogo wake, Klara. Kesho alfajiri naondoka kwenda Geita. Klaramu! Linatamkika vizuri zaidi.