Hodi ya Tatu

Jumatatu, 3 Februari 2025

Posa nimeipeleka! Kwa barua pepe, kwa Nadhira mwenyewe, nakala kwa kaka yake Borafya. Hakuna wazee, hakuna halua, hakuna kukohoakohoa ukumbini kabla ya kusema kilichowaleta. Kurasa tatu pamoja na tanbihi. Naamini ni mtu wa kwanza katika Mji Mkongwe kuposa kwa tanbihi.

Miaka yote nimeandika magazetini kwamba visiwa hivi vimelemazwa na ujumbe wa mdomo. Watu wananicheka. Sasa natenda ninachokihubiri.

Dada yangu Mwatum alikuja kuniletea mchuzi wa pweza. Akauliza nani aliyekwenda kwao Nadhira, huko Mtoni, kuniposea. Nikamwambia seva. Akauliza huyo Seva ni mtoto wa nani.

Nikamweleza kwamba seva ni kompyuta inayopokea na kupeleka barua. Akajifunika uso kwa kanga. Alipojifunua alisema, "Anuar, jibu la posa huja kwa miguu. Watakuja wenyewe hapa mlangoni." Nikamjibu kwamba miguu imepitwa na wakati.

Akaniuliza tena kama najua Ramadhani iko karibu. Najua! Ndiyo maana nimeandika leo. Tangu mke wangu afariki nafuturu peke yangu, mimi na kopo la samaki na redio. Sitaki Ramadhani nyingine ya kopo. Na Nadhira hatangoja mpaka mfungo mosi, Ramadhani ikishakwisha, maana Suhail wa Chukwani, muuza vigae, mtu asiyesoma chochote kisicho na bei yake, naye anamtaka.

Jumanne, 4 Februari

Siwezi kufungua kikasha cha barua kila dakika kama mpishi mwenye wasiwasi anayefunua sufuria. Wali hauivi hivyo. Nimeamua kutengeneza programu ya kungoja kwa niaba yangu.

Nimepata mtandaoni maktaba ya programu, yaani furushi la kanuni alizoandika mtu mwingine ili sisi tusihangaike. Hii inashughulikia barua pepe. Programu yangu inaifikia seva na kuiambia: nangoja. Wote wawili wananyamaza. Barua ikiingia, seva inasema kuna kitu, saa hiyo hiyo, nami kengele yangu inalia. Hii ndiyo adabu! Mjini kwetu kila mtu anasema na hakuna anayengoja.

Kengele ililia kabla ya adhuhuri. Nilitoka chooni na povu kichwani. Tangazo la magodoro.

Ililia tena wakati wa chakula. Magodoro.

Bi Khairiya, jirani wa dirisha la mkabala, akauliza kwa sauti ya mtaa mzima kama nyumba yangu imegeuzwa skuli. Nikamwambia ni jambo la moyo. Akasema moyo wangu nao upunguzwe sauti.

Jumatano, 5 Februari

Kengele kimya tangu alfajiri. Kimya kizito. Nilijua: Nadhira amechukia. Ni kile kifungu kuhusu ujinga wa mahari. Nimelala chali sakafuni nikitazama boriti, nikifikiria kuhamia Pemba.

Baada ya alasiri nikagundua ukweli. Seva huchoka! Ukiingoja muda mrefu bila neno, inakata mawasiliano kimyakimya na haikuagi. Programu yangu ilikuwa inangoja kwenye mlango wa nyumba iliyohamwa. Maelezo ya maktaba yanasema wazi kwamba kabla nusu saa haijapita lazima useme basi, kisha uanze kungoja upya. Lakini nani anasoma maelezo? Mimi nasoma vitabu.

Nimerekebisha. Barua zote zilizokwama zikamiminika. Magodoro, magodoro, na mwaliko wa kongamano lililokwisha.

Jingine la kuudhi: programu ikishaanza kungoja haiwezi kufanya kitu chochote kingine. Huwezi hata kuiambia ifungue barua iliyoingia. Lazima iache kungoja kwanza. Kiumbe gani huyu, anayengoja kitu kwa nguvu zote mpaka hawezi kukipokea!

Jioni nilipita barazani kupoza kichwa. Suhail alikuwepo, kikombe cha kahawa mkononi, kanzu imepigwa pasi. Ameshapeleka wazee Mtoni, na halua, na maneno matamu. Wamepokewa vizuri. Akanitazama mbele ya watu wote akasema, "Nasikia umeposa kwa nakala, bwana mkubwa. Na usiku wa harusi utapeleka nakala?"

Walicheka mpaka muuza kahawa akamwaga. Nilikuwa na majibu manne, yote makali. Nimeyakumbuka yote nilipofika nyumbani.

Alhamisi, 6 Februari

Bi Khairiya ametishia kumleta sheha wa mtaa kwa ajili ya kengele. Nimenunua hedifoni Darajani, kubwa, zinafunika sikio lote. Ukizivaa, dunia inakwisha. Hakuna pikipiki, hakuna muuza maji, hakuna Khairiya. Mimi na kengele tu.

Baada ya alasiri ikalia. Magodoro! Nikawajibu kwa maandishi, ikalia tena, wananishukuru kwa kuonyesha hamu. Hapo nikasimama, nikaipigia kompyuta kelele kwa pumzi zote: "Sitaki! Nshasema sitaki! Ondoka mlangoni kwangu na usirudi tena!"

Nilijisikia vizuri sana. Mtu hawezi kudharauliwa na godoro.

Kwa Nadhira, hakuna kitu.

Ijumaa, 7 Februari

Hakuna kitu. Msikitini Borafya alikuwa safu ya mbele yangu. Tulipotoa salamu ya mwisho aligeuka, akaniona, akavaa viatu vyake haraka, akaondoka bila kunipa mkono. Watu wa Mtoni wana haya sana. Nimelichukua kuwa dalili njema.

Jumamosi, 8 Februari

Siku nyeusi kuliko zote.

Mwatum alikuja asubuhi. Hakuleta chakula. Akaniuliza Alhamisi alasiri nilikuwa wapi. Nikamwambia hapahapa, kazini. Akaniuliza kama nilisikia mtu mlangoni. Nikamwonyesha hedifoni kwa fahari.

Borafya alikuja! Alikuja na jibu, kwa miguu, kutoka Mtoni, amevaa kofia mpya. Alipiga hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Muungwana hupiga hodi tatu, asipojibiwa huenda zake bila kinyongo. Lakini yeye alijibiwa. Alipopiga ya tatu alinisikia kutoka juu nikisema sitaki, nikimwambia aondoke mlangoni kwangu na asirudi tena.

Nilimwendea Bi Khairiya dirishani nikamuuliza kwa nini hakunambia. Akasema yeye alinambia mara mbili kuhusu kelele, nikamjibu asiingilie mambo ya moyo. Hakuingilia.

Mwatum alinishika mkono kama mtoto wa chuo cha Kurani, akanipeleka Mtoni. Borafya hakutoka chumbani. Nadhira, ambaye Jumamosi huwa hayuko kazini kwake Kendwa, alitukaribisha ukumbini, akatuletea chai. Nilieleza yote: seva, nusu saa, magodoro. Nilieleza vizuri. Nilichora. Alisikiliza mpaka mwisho, na nikiapa naapa, mdomo wake ulitaka kucheka.

Kisha akasema, "Barua yako nimeisoma, Anuar. Nzuri. Tanbihi ya pili umekosea mwaka. Lakini mwanamke hajijibii posa yake mwenyewe, ana kaka. Kaka yangu alikuja kukwambia tumekubali."

Tumekubali! Nilimwaga chai.

Akaendelea kwamba Borafya ameumia, ila yeye Nadhira amemwomba kwa ajili yangu. Jumatano baada ya alasiri Borafya atapita tena kwangu. Akijibiwa vizuri, yamekwisha. Asipojibiwa, atapitiliza Chukwani, maana wazee wa Suhail nao wanataka neno lao kabla ya Ramadhani, na kaka yake hawezi kukaa anatangatanga baina ya wanaume wawili kama mpira.

"Kaa mlangoni," aliniambia. "Kaa tu. Usifanye kitu kingine chochote."

Mwanamke mwenye akili. Lakini hana msingi wa ufundi.

Jumatatu, 10 Februari

Kukaa mlangoni! Juani, juu ya kiti cha plastiki, watalii wakinipiga picha? Na nikienda kujisaidia? Na nikisinzia? Binadamu ndiye tatizo. Nimekwisha kuona udhaifu wake: Alhamisi programu ilisikia kila kitu na mimi sikusikia chochote.

Kwa hiyo nimeweka kinasa sauti nyuma ya mlango, nimekiunganisha na kompyuta. Mtu akipiga hodi, kinaisikia, kinaniandikia barua pepe yenye kichwa HODI. Maktaba inangoja kikashani. Barua inaingia, kengele inalia masikioni, nateremka na kanzu safi. Hodi inapanda ngazi yenyewe!

Mwatum aliuliza kama si rahisi zaidi kukaa kwenye kiti. Nikamwambia kiti hakiweki kumbukumbu.

Jumanne, 11 Februari

Majaribio, asubuhi hadi jioni. Mwatum nje anapiga hodi, mimi juu naisikiliza kengele. Kila mara ililia! Tulirudia mpaka sauti ikamkauka na Bi Khairiya akamtupia tende za kumfariji. Kesho nitatia komeo, upepo usiuguse mlango na kukichanganya kinasa sauti. Nimenunua manukato. Nimelitupa kopo la samaki.

Jumatano, 12 Februari

Naandika maghribi ikikaribia.

Nilipotoka kuswali alasiri nilipanda juu, nikavaa hedifoni, nikangoja. Kimya. Nikajipongeza kwa utulivu wangu. Kimya. Jua likashuka mpaka kwenye bati la Khairiya. Hapo mashaka yakanishika, nikafungua kikasha kwa mkono wangu. Hakuna jipya. Nikafungua, sijui kwa nini, sanduku la barua taka.

HODI. HODI. HODI.

Zote tatu zimelala baina ya magodoro. Sanduku lilimwona mtu anayejiandikia neno lilelile jana kutwa nzima, likaamua ni tapeli. Na maktaba ilikuwa inangoja kwenye kikasha tu, haikuangalia taka, kwa sababu inangoja mlango mmoja na sikuwahi kuiambia kwamba iko miwili.

Nikateremka mbio. Kichochoro kitupu, paka mmoja. Bi Khairiya akasema kabla sijamuuliza kwamba Borafya amepiga hodi zake tatu na kuondoka. Akasema mara hii angalau sikumtukana mtu. Amekwenda kutafuta gari ya Chukwani, kwa miguu, na goti lake linamuuma, hajafika mbali.

Nikampigia simu Mwatum. Hakunitukana. Alisema anaazima gari ya shemeji, anakuja, tukiwahi tutamkuta Borafya njiani na nitamwomba radhi hapohapo barabarani, mbele ya watu, nikiwa nimemshika mkono.

Barabarani! Maneno yanayopeperuka!

Nikatia komeo nikapanda juu, dakika moja tu. Maana kosa sasa linajulikana! Nimeiagiza programu ingoje milango yote miwili, kikasha na taka, na ianze upya kabla ya kila nusu saa. Haina upungufu tena. Kisha nikamwandikia Borafya, nakala kwa Nadhira, kurasa mbili, nikimwomba asimame popote alipo na anijibu. Nimesahihisha na mwaka wa tanbihi ya pili. Lazima ataguswa.

Nimevaa hedifoni sikio moja tu, kwa tahadhari. Mwatum amefika. Namsikia chini, injini inanguruma. Anapiga hodi. Nimemwambia angoje, jibu linakuja.

Hodi ya pili. Sauti yake bado imekauka tangu jana.

Ya tatu.

Gari imeondoka. Vizuri, kumetulia. Sasa kengele nitaisikia.