Noti Zilizopigwa Pasi

Kwa jina la Mola ambaye hazina Yake haichapwi wala haichakai, atoaye bila kupungukiwa na achukuaye bila kudhulumu. Na rehema na amani zimfikie Mtume, na wote waliomfuata kwa wema.

Ama baada ya hayo: kwenye kibaraza kilicho mbele ya duka la kinyozi, watu huketi kwa daraja zao. Penye meko hukaa Bibi Birika, muuza kahawa, ambaye ulimi wake una moto kuliko makaa yake. Penye kiti cha mgongo hukaa karani mstaafu wa mahakama, waliyembandika jina la Redio kwa kuwa hazimwi. Kinyozi husimama mlangoni, wembe mkononi, sikio barazani. Na mwisho wa benchi, karibu na mfereji wa maji machafu, hukaa dobi, mtu wa maneno machache, aitwaye Tajiri.

Jina hilo hakupewa kwa heshima. Mwaka wa vita aliiuza nyumba ya marehemu baba yake, vyumba vinne na ua, kwa noti mia nne zilizochapwa na waasi waliokuwa wameushika mji. Haikupita miezi miwili, waasi wakatimuliwa, noti zikafa. Tangu hapo, miaka thelathini, hakuna kikombe alichokunywa pale kisichotiwa kicheko.

Asubuhi hiyo Redio alikunjua gazeti kama hakimu akunjuaye hukumu.

"Amkeni, enyi mliolala! Kuna mtaalamu wa ng'ambo kafikia nyumba ya wageni, nyuma ya soko. Ananunua noti za wakati wa vita!"

"Ananunua kwa noti gani?" akauliza kinyozi.

"Kwa fedha ya kweli, kichwa maji wewe!"

"Basi yeye ndiye kichwa maji. Na anataka zipi? Za Jeshi la Ukombozi, au za Jeshi la Ukombozi wa Kweli?"

"Umewasahau Ukombozi wa Kweli Kabisa," akadakia Bibi Birika. "Hao walichapia kwenye mashine ya kadi za harusi. Noti ya kwanza kunifikia ilikuwa na maua pembeni na pete mbili juu ya kichwa cha kamanda. Nikadhani nimealikwa."

"Mbele kamanda, nyuma daraja," akasema kinyozi.

"Daraja gani?"

"Lile alilolilipua mwenyewe."

"Na namba, jamani! Noti zote namba moja!"

"Huo ndio umoja waliokuwa wakiupigania."

Redio akainua kidole. "Na chini imeandikwa: 'Mwenye noti hii atalipwa baada ya ushindi.'"

"Ushindi wa nani?" akauliza Bibi Birika.

"Hawakusema. Wenye akili wale!"

Wakacheka hata birika likatikisika. Kisha, kama kawaida, macho yakageukia mwisho wa benchi.

"Tajiri!" akanguruma Redio. "Siku yako imewadia, ndugu yangu. Ulitoa vyumba vinne ukapewa picha mia nne za mwanamume mwenye sharubu. Kazitoe! Au umeshazitumia kuwashia jiko?"

Dobi akamaliza kahawa yake. Moyoni hakutamani nyumba, maana aliyeinunua aliivunja zamani akajenga ghala. Alitamani jambo moja tu: aje siku moja kibarazani, na Redio akose la kusema. Akaweka kikombe chini, akaenda zake.

Bunda lilikuwa ndani ya kopo, chini ya kitanda. Alipolifungua, noti zilikuwa nyeusi kwa jasho la mikono, zina madoa ya mafuta, na nyingine zina mhuri wa kambi ya waasi uliofifia. Dobi akaona haya. Tangu lini mtu wa kazi yake akampelekea mgeni kitu kichafu? Akazifua moja moja kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, akazitia bluu ya kung'arishia nguo, akazipitisha katika wanga, akazianika kwa vibanio, akazipiga pasi kwa kitambaa chembamba juu yake. Kazi ya siku mbili. Sharubu za kamanda hazikuwahi kunyooka vile alipokuwa hai.

Siku ya tatu akapita mbele ya kibaraza, bahasha kwapani, shati likimeta.

"Mpisheni benki!" akasema kinyozi.

Hata kabla Bibi Birika hajachochea makaa mara ya pili, dobi alikuwa amerudi. Bahasha ilikuwa bado kwapani.

"Enhe?" akasema Redio. "Kakupa kiasi gani?"

"Kazinusa," akajibu dobi. "Akaniuliza nimezifanya nini. Nikamwambia nimezifua. Akashika kichwa kama aliyefiwa. Anasema uchafu ndio ushahidi, na mhuri wa kambi ndio thamani, na vyote nimevimwaga na povu."

Kibaraza kikalipuka. Kinyozi aliegemea mlango, machozi yakimtoka. "Ya Rabi! Vita vimeshindwa kuzimaliza, zimemalizwa na sabuni!"

"Mjinga ni mjinga," akasema Redio, akijipigapiga paja. "Alitapeliwa na waasi, sasa kajitapeli mwenyewe. Mimi siku zile, nawaapia, noti zile sikuzitambua hata kwa macho!"

Dobi akangoja kicheko kiishe, kama angojavyo pasi ipate moto.

"Hatukuishia hapo," akasema. "Aliuliza nilizipataje. Nikamwonyesha hati ya mauziano. Akaisoma mara mbili. Akasema noti nirudi nazo, ila hati atainunua kwa bei nitakayotaja mwenyewe, aiweke ndani ya kioo, watu wa kwao waje waitazame."

Redio akaacha kupiga paja.

"Hati ipi?"

"Ya nyumba. Ninayo ile ile moja." Akaitoa polepole katika bahasha, akaisoma kwa sauti ya mtu asomaye orodha ya nguo: "'Noti hizi mia nne zimekaguliwa, nazo ni fedha halali isiyo na shaka, leo na hata milele. Mwandishi na shahidi: karani wa mahakama.' Na sahihi. Hii yenye mkia mrefu."

Hapana aliyeuliza mkia huo ni wa nani. Kwa miaka thelathini kila mtu pale ameiona sahihi hiyo ikitiwa kwa mbwembwe, hata kwenye karatasi ya kahawa ya mkopo. Kinyozi akaushusha wembe. Bibi Birika akamtazama Redio kuanzia viatu hadi kofia, kisha akatema pembeni.

"Hata milele, karani?" akasema. "Ilidumu wiki saba."

"Walikuwa na bunduki…" Sauti ya Redio ilikuwa nyembamba kama uzi. Akamgeukia dobi. "Ndugu yangu… umemuuzia?"

"Nilimuuliza ataandika nini chini ya kioo. Akasema ataandika: 'Mwenyeji mmoja asiyejua alivyodanganywa.' Nikamwambia, hapo umekosea hesabu, bwana. Tulikuwa wawili, na mmoja alikuwa anajua."

"Umemuuzia au hukumuuzia?"

"Sikumuuzia." Dobi akaikunja hati kwa mikunjo yake ya zamani. "Aibu ya mtaa huu tutaitazama wenyewe."

Redio akafungua mdomo, akaufunga. Akalikunja gazeti, likamkatalia, akaliacha hivyo hivyo, akashuka kibarazani akipapasa ngazi kwa mguu. Kiti chake cha mgongo kikabaki kitupu, wala hapana aliyekikimbilia. Dobi akabaki mwisho wa benchi, mahali pake, akamnyooshea Bibi Birika kikombe, naye akakijaza bila neno.

Ewe Mola, msitiri aliyeondoka kama alivyositiriwa miaka thelathini na yule aliyekuwa akidhihakiwa naye. Na hawa waliobaki uwape rizki isiyofutika kwa maji, na ndimi zinazojua pa kunyamazia. Amina.