Simfonia Harusini kwa Agnetha

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba.

Leo nimesikia muziki! Simfonia, yaani muziki mrefu wa vyombo vingi, ya Mmarekani mmoja wa zamani. Jamaa alichukua nyimbo za kanisani kwao, akazichanganya na machi, zile nyimbo za gwaride, za bendi za mjini, zikapigwa kwa mkupuo. Nyimbo zisizofahamiana, zimelazwa bweni moja. Nimeisikilizia kwenye simu ya Mussa, fundi bati wa hapa Gongoni, Tabora. Yeye ndiye mpiga ngoma kubwa wa bendi yetu ya kanisa, ingawa Ijumaa yuko msikitini. Bando likakata katikati. Haidhuru. Mwenye akili hahitaji mwisho.

Na mimi dunia naijua. Nimefika Dar, Kigoma, hata Bujumbura, ingawa Bujumbura nilipitiwa na usingizi ndani ya basi.

Jumapili wazee wa kanisa wanachagua kiongozi wa bendi. Mimi nakaimu tu. Naitaka ile fimbo ya kuongozea iwe yangu moja kwa moja. Mpinzani ni Silasi, mwalimu wa kwaya, mwenye cheti. Jumamosi mpwa wangu Agnetha anaolewa, na wazee wote watakuwepo. Mambo yamejipanga yenyewe!

Jumanne, 8 Julai

Nimewatangazia wenzangu: simfonia ile tutaipiga Jumamosi harusini. Silasi akauliza kama ule wimbo wa katikati, unaopanda polepole na tromboni, naufahamu. Nikasema tangu utotoni. Akasema basi najua kwamba huku kwetu ndio wa kunyanyulia jeneza. Nikamwambia huko Marekani wimbo huo haukuwa na jeneza lolote, ni sisi tuliolipachika. Akasema mimi siwezi kuongoza hata kuku kuingia bandani.

Wivu. Cheti hakipulizi tarumbeta.

Agnetha naye kaja mbio. "Mjomba, nakuomba, usiupige huo. Bibi yake Doto ana presha." Doto ndiye bwana harusi, mtu wa Nzega. Nikamwambia presha inapenda muziki.

Alhamisi, 10 Julai

Majirani wametufukuza. Tumekwenda kufanyia mazoezi Kwihara, kando ya njia ya zamani ya misafara. Babu zetu walipita hapa na pembe za ndovu mabegani, wakiimba hadi pwani, na hakuna aliyewauliza wimbo huu ni wa shughuli gani.

Tatizo dogo. Kila tukifika kwenye tromboni, wapigaji wawili wanashusha vyombo na kuinamisha vichwa. Nimepiga marufuku kuinama. Mussa akauliza mbona watu wote wana sura za wafiwa. Nikamwambia hiyo ndiyo sanaa.

Jumamosi, 12 Julai

Sehemu ya kwanza, safi kabisa. Vigelegele. Wazee wanatikisa vichwa. Fimbo naiona hii hapa!

Kisha tromboni.

Wanaume wakavua kofia. Kinamama wakajitanda khanga. Ukumbi mzima ukasimama, sauti nne zikajipanga zenyewe bila Silasi. Wakatoka watu wanne wa kamati ya mazishi, hawakutumwa na mtu, mikono tu imezoea. Wakatafuta cha kunyanyua. Wakanyanyua meza ya keki. Kila mtu pembe yake, hatua moja moja, wakaelekea mlangoni. Watu wakafuata. Maharusi wakawa nyuma kabisa. Bi Nyamizi, bibi yake Doto, alikuwa akilia kwa uchungu na kuuliza aliyefariki ni nani. Hakuna aliyejua. Wakazidi kulia.

Nilikuwa nimeiagiza bendi isiache kupiga hata iweje. Hatukuacha. Wakafika barabarani. Bodaboda wakazima pikipiki kwa heshima.

Niseme kweli: tangu enzi za misafara, hakijabebwa kitu Tabora kwa nidhamu ile.

Keki imerudi salama. Agnetha hasemi na mimi.

Jumapili, 13 Julai

Wazee wamempa Silasi fimbo. Hawakuchukua hata muda wa kukaa. Mzee mmoja akaniambia, "Masolwa, umetuzikia watu wazima wakiwa wanakula pilau."

Sina kinyongo. Nimempelekea Bi Nyamizi dumu la asali. Kacheka mpaka nikaiogopa presha. Silasi nimemwazima tarumbeta langu, maana bendi yake mpya haina lingine linalolia. Kashukuru kwa kukunja uso. Jioni nikakaa barazani na Mussa. Ile fimbo niliipenda.

Jumanne, 15 Julai

Nilijua! Kaja mtu kutoka Itetemia. Baba yao amefariki, maziko Alhamisi. Walisikia yaliyotokea harusini, wakasema mtu anayeweza kuliza ukumbi wenye pilau mezani ndiye wanayemtaka. Mimi, si Silasi. Eti nipige ule ule wimbo wa tromboni.

Nimemwambia Mussa aandae ngoma. Tarumbeta nitalifuata kwa Silasi. Huo wimbo wao nimeukataa moyoni, sijawaambia. Jeneza kwa wimbo wa jeneza, kila mtu anaweza. Nitawapigia machi ya kumwingizia bibi harusi, kwa kasi, wakati marehemu anatoka ndani.

Mussa kaniuliza kama huko Itetemia kuna njia ya nyuma ya kutorokea.